Nani Mwenzangu? Kuandika Maongezi ya Wahusika, Ana kwa Ana na kwa Simu

Katika boti ya abiria inayovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja Amu, yaani Lamu, mtu akipigiwa simu huipokea mbele ya watu wote. Hakuna pembe ya kujitenga, injini inanguruma, na mwenye simu hulazimika kupaza sauti, kwa hivyo abiria waliobanana naye, watake wasitake, husikia nusu ya maongezi yake. Nusu hiyo yaweza kuwa hivi:

“Haloo. Ee. Alhamdulillahi, sijui nyinyi huko. … Nishamwambia. … La, mimi sikusema hivyo, nilisema akirudi. … Lini? … Subhanallah. Na mama anajua? … Basi msimwambie. Msimwambie mpaka nifike.”

Hakuna abiria anayejua ni nani anayengojwa arudi, wala ni jambo gani ambalo mama hapaswi kuambiwa, lakini boti inapofungwa gatini kila mmoja wao ameshatunga kisa kizima kichwani mwake, na wengine wameshamwonea huruma mama wasiyemjua. Maneno yenyewe hayafiki thelathini, na hakuna hata moja lililosemwa kwa ajili yao. Mwandishi anayeanza, akipewa kisa hichohicho, mara nyingi huandika kurasa mbili za wahusika wanaoelezana mambo wanayoyajua, na akimaliza huwa hajamwachia msomaji jambo lolote la kutafuta. Makala haya yanaeleza kwa nini ile nusu ya boti hufanya kazi, na kwa nini simu, ambayo waandishi wengi huiona kuwa njia ya haraka ya kupeleka habari kutoka sura moja hadi nyingine, ndiyo inayofundisha zaidi namna ya kuandika maongezi ya aina zote.

Wanaojuana hawaelezani

Kosa linaloharibu maongezi mengi katika hadithi zetu ni mhusika kumwambia mwenzake jambo ambalo mwenzake analijua, kwa sababu mwandishi anataka msomaji alisikie. Tuseme dada wawili wa mtaa wa Mkomani wana shida ya nyumba ya urithi. Maongezi yao yakianza hivi, yameshakufa: “Fatuma dada yangu, kama ujuavyo, baba yetu mzee Omari alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia nyumba hii ya mawe, na sasa ami yetu Swaleh anataka kumuuzia mgeni.” Fatuma hahitaji kuambiwa kuwa yeye ni dada, wala kwamba babake amefariki. Anayehitaji kuambiwa ni msomaji, naye hayumo chumbani. Sasa yasikilize maongezi hayohayo yakiwa ya dada wawili kweli:

“Ami amekuja tena.”
“Na yule Mzungu?”
“Na yule Mzungu. Safari hii wamekuja na futi.”
“Wakapima wapi?”
“Walipima daka na sabule. Wakataka kuingia ndani, nikawaambia mama amelala.”
“Mama alikuwa amelala?”
“Mama yuko Matondoni tangu asubuhi.”

Msomaji hakuambiwa kuwa nyumba inauzwa, wala kwamba ami ndiye anayeisukuma biashara hiyo, wala kwamba dada mmoja ameanza kupigana kwa uongo mdogo wa mlangoni. Ameyapata yote, na ameyapata kutokana na neno “tena,” neno “futi,” na swali moja lisilo na lawama. Kwa msomaji asiyeijua Amu, daka ni ule ukumbi wa mlango wenye mabaraza ambapo mgeni hukomea, na sabule ni chumba cha mgeni. Kupimwa kwake si jambo kubwa. Kuomba kuingia ndani ndiko kunakotisha, na msichana aliyesema “mama amelala” analijua hilo bila kulisema.

Kanuni ninayoishika, na ambayo naamini inazipita nyingine zote, ni kwamba kila mhusika amjibu mwenzake kwa kile anachokijua yeye na anachokitaka yeye kwa wakati ule, kisha kazi ya kumfikishia msomaji habari iachiwe msimulizi, au iachiwe pengo lenyewe. Msimulizi anaweza kusema kwa sentensi moja kwamba mzee Omari alifariki. Wahusika wakilazimishwa kuifanya kazi hiyo, sauti zao hugeuka kuwa sauti ya mtangazaji.

Jibu la kweli, vilevile, mara nyingi halikai pale swali linapolielekeza. “Utakuja kesho?” “Kesho kuna maziko Shela.” Hakuna ndiyo wala hapana, lakini kila mtu wa mwambao amesikia hapana iliyovikwa heshima, kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia mwenzake aache maziko. Watafiti wa lugha wameyapima mambo haya kwa saa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha kumi za mabara mbalimbali, zikiwamo Kijapani, Kiitaliano na lugha moja ya Namibia, ilionekana kwamba baina ya swali na jibu hupita kwa wastani kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na kwamba jibu la kukubali huja upesi kuliko jibu la kukataa. Muda huo ni mfupi kuliko muda wa kutunga sentensi, maana yake anayejibu huwa ameanza kujiandaa kabla mwenzake hajamaliza. Kwa mwandishi jambo hili lina faida kubwa. Kukawia kwa mhusika ni jibu, na ukilionyesha kawio hilo huhitaji tena kuandika kwamba alisitasita kwa kuwa hakutaka.

Hata hivyo, kuyanakili maongezi ya watu kama yalivyo si uhalisia. Mtu akirekodi nusu saa ya mazungumzo ya barazani, pale Mkunguni mbele ya ngome, kisha akayaandika neno kwa neno, atapata karatasi zilizojaa “yaani,” “ile nini,” “wajua,” sentensi zilizokatika na hoja zilizorudiwa mara tatu, na msomaji atachoka kabla ya ukurasa wa pili. Sikio husamehe yale ambayo jicho halisamehi. Mwandishi huchagua: “yaani” moja mahali ambapo mhusika amepotewa na neno, “kumbe” moja mahali ambapo amegutuka, na mengine yote hupunguzwa.

Hali ni hiyohiyo kwa salamu. Salamu zetu ni ndefu, na mwandishi anayezijaza zote kwa kuogopa kuonekana mkosa adabu humchosha msomaji wake. Shule hapa Kenya hutufundisha kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, na wengi huliona zoezi hilo kuwa la mtihani tu, ilhali ni chombo cha thamani: “Walijuliana hali” ni maneno mawili yanayobeba mistari kumi. Salamu iandikwe kwa ukamilifu pale tu inapovunjika. Kijana akisema “Shikamoo” na mzee akajibu “Mama yako yuko?” bila marahaba, hapo salamu imekuwa tukio, na ni lazima msomaji aione.

Anavyoitwa na anavyosema

Waswahili hatuitani majina ovyo, na hadithi ambayo mke anamwita mumewe “Ahmed” katika kila mstari husikika kama imeandikwa na mtu aliyekulia mbali. Mke wa makamo atasema “Baba Ali,” mpwa atasema “ami” au “mjomba” kulingana na upande, mtoto akiitwa na mkubwa ataitika “labeka,” na bibi atamtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita “mume wangu.” Viitio hivi hufanya kazi ambayo majina hayawezi: vinamwonyesha msomaji nani ni mkubwa kwa nani, nani ana haki ya kutania na nani hana, bila maelezo ya pembeni. Tena vikibadilika katikati ya maongezi, vinapiga kengele. Siku “mwanangu” anapogeuka kuwa “bwana wee,” msomaji hahitaji kuambiwa kwamba mzungumzaji amekasirika.

Suala la lahaja linawasumbua zaidi waandishi wa huku, na nina msimamo kulihusu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo mwandishi wa Amu huandika kwa lahaja moja na kusikia kwa nyingine. Akitaka bibi wa Langoni, mtaa wa Amu, aseme kama bibi wa Langoni, ataandika “Ndoo hapa, mwanangu, yua ni kali,” yaani njoo hapa, jua ni kali, na msomaji wa Dodoma ataiona ndoo ya maji imesimama juani. Kuteka kwa Kiamu ni kucheka, ilhali kwingine ni kuchota maji kisimani, au hata kumnyakua mtu. Si busara kuiacha lahaja, kwa kuwa mhusika aliyevuliwa lugha yake amevuliwa nusu ya nafsi, wala si busara kuandika kila neno kwa matamshi ya nyumbani na kumfungia mlango msomaji mgeni. Njia ninayoipendekeza ni kuchagua dalili chache zisizopotosha maana, kama “mato” kwa macho, “moya” kwa moja, “zitu” kwa vitu, na kuziweka katika sentensi ambazo zinajieleza zenyewe. Umbo la kitenzi nalo hubeba lahaja bila kumkwaza mtu yeyote: “Wenda wapi?” inatosha kumweka mhusika pwani, na hakuna msomaji atakayeihitaji kamusi.

Huko Malindi pana tabaka jingine, kwa sababu kijana wa ufukweni anaweza kuongea Kigiriama na mamake, Kiswahili na rafikiye na Kiitaliano na mgeni ndani ya robo saa. Hapo mwandishi hana haja ya kuandika lugha zote tatu. Atosheke kusema kwamba mhusika amebadili lugha, na kwa nani, kwani kubadili huko ndiko kunakomwambia msomaji ni nani anayefichwa neno.

Simu inapolia

Tarehe 10 Machi 1876 Alexander Graham Bell aliiambia simu sentensi yake ya kwanza inayokumbukwa, akimwita msaidizi wake aliyekuwa chumba cha pili: Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona. Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Haina salamu, na aliyeisema aliomba papo hapo ile hali ambayo simu haiwezi kuitoa, yaani kuonana. Kila maongezi ya simu katika hadithi yana upungufu huo ndani yake. Wahusika wana sauti tu, na kila kilichokuwa kikibebwa na uso, mkono, mtandio uliovutwa au mgongo uliogeuzwa sasa ni lazima kisemwe, au kipotee.

Mwanzo wa simu ndio uliochunguzwa zaidi. Mwaka 1968 Emanuel Schegloff, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha makala kuhusu simu zipatazo 500 zilizopigwa katika kituo cha polisi. Alikuta kwamba anayepokea ndiye hutangulia kusema, katika simu zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyomfungulia siri. Katika simu ile mpokeaji aliinua chombo akanyamaza, kisha aliyepiga ndiye aliyesema haloo. Schegloff akatambua kwamba mlio wa simu ni mwito, na ile haloo ya mpokeaji si salamu bali ni itikio la mwito. Asipoitika, aliyeita hurudia kuita. Kwetu sisi jambo hili halihitaji mtaalamu wa ng’ambo kulieleza, kwani lugha yetu imelitenga tangu zamani: mtu akiitwa kutoka juu ghorofani hasemi “hujambo,” anasema “labeka,” kisha ndipo maongezi yaanze. Haloo ya simu ni labeka. Ndiyo maana mhusika anayepokea simu na kusema salamu ndefu kabla hajajua ni nani aliyempigia husikika si wa kweli.

Linalofuata ni kujitambulisha, na hapa zama huamua kila kitu. Katika hadithi ya miaka ya 1980, simu ni ya mezani, iko ofisini au katika nyumba chache, na anayepokea hajui ni nani aliye upande wa pili. Swali lake, ambalo naliona kuwa kati ya maneno mazuri zaidi yaliyozaliwa na simu katika Kiswahili cha pwani, ni “Nani mwenzangu?” Halimhoji mtu kama askari. Linamfanya asiyejulikana kuwa mwenza kabla jina lake halijatajwa. Katika hadithi ya leo jina huonekana kwenye kioo, kwa hivyo neno la kwanza la mpokeaji limeshakuwa maoni yake kuhusu aliyepiga: “Ee, mama,” au “Sema,” au “Leo umenikumbuka?” Mhusika wa mwaka 2024 anayesema “Nani mwenzangu?” kwa mtu anayemfahamu amemwambia kwamba ameifuta nambari yake, na hilo ni tukio zito kuliko ugomvi. Mwandishi anayechanganya zama hizi, akampa mhusika wa 1985 simu inayojua jina la mpigaji, au akamfanya wa leo ashangae kusikia sauti ya mkewe, humpoteza msomaji kwa jambo dogo ambalo lingerekebishwa kwa neno moja.

Kuna pia mambo ya mtambo ambayo mwandishi anaweza kuyatumia. Simu ya kawaida, tangu zama za waya, imepitisha sauti za kati tu, zile zenye mitetemo baina ya 300 na 3,400 kwa sekunde, ilhali sehemu kubwa ya mfyonzo unaoitofautisha “s” na “f” hukaa juu ya hapo. Ndiyo sababu watu hurudia majina na nambari kwenye simu, na ndiyo sababu “amemsuta” yaweza kufika sikioni kama “amemfuta.” Fikiria mwanamke aliyeko Jeddah akisikia kwamba wifi yake amemfuta mtu fulani katika orodha ya waalikwa wa harusi, kumbe aliambiwa amemsuta mtu huyo mbele ya wanawake wenzake. Sura nzima ya hadithi inaweza kusimama juu ya konsonanti hiyo moja, na msomaji wa pwani, anayejua uzito wa kusutwa, hataiona kuwa imelazimishwa.

Kukawia nako kuna mtambo wake. Wahandisi wa mawasiliano hupendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya sehemu 150 za elfu za sekunde kufika upande wa pili, kwa sababu ikizidi hapo watu huanza kugongana. Linganisha na zile sehemu mbili za kumi nilizozitaja juu. Pengo la kawaida la maongezi ni dogo mno, hata mtandao dhaifu unaweza kuliongeza maradufu, na mtu aliye Ghuba anayeijibu posa upesi na kwa furaha akasikika Amu kama anayesita. Mtambo umesema uongo kwa niaba yake. Wahusika wote wawili wanakatizana, wote wananyamaza kumpisha mwenzake, wote wanaanza tena pamoja, kisha mmoja anasema, “Haya, sema wewe.” Mistari minne kama hiyo huonyesha umbali vizuri kuliko aya ya kutaja bahari na majangwa.

Kimya cha ana kwa ana kinaweza kuachwa kikae, kwa kuwa watu wanaonana, lakini kimya cha simu huhitaji maelezo mara moja: “Haloo? Uko?” “Niko.” “Wanisikia?” “Nakusikia.” Maneno haya matano matupu yana nguvu sana yakija baada ya habari nzito. Mhusika aliyesema “niko” hakusema neno lingine, na msomaji anajua kwa nini.

Nyuma ya sauti kuna mahali. Mwandishi wa simu nzuri husikiliza yaliyo nyuma ya mzungumzaji: adhana, punda, feni, watoto wa chuo cha Kurani wakisoma kwa pamoja. Mume anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini mahali aliposimama hapadanganyi.

“Umefika wapi?”
“Niko Mokowe hapa, nangoja boti.”
“Boti gani?”
“Ya mwisho.”
Nyuma yake makanga aliita: Mtwapa, Mtwapa, wawili, wawili twende.
“Haya,” alisema Mwanaisha. “Nikuwekee chakula au nisikuwekee?”
“Niwekee.”
“Haya.”

Mwanaisha hakumuuliza chochote kuhusu Mtwapa, mji ulio karibu na Mombasa, mbali na Mokowe. Angemuuliza, maongezi yangegeuka kuwa ugomvi wa kawaida na yangeishia hapo. Kwa kunyamaza, ameuchukua uongo huo kwenda nao hadi sura inayofuata, na swali la chakula limekuwa mtihani ambao mume hajui kwamba ameufanya na ameanguka.

Kufunga simu ndiko kunakoandikwa vibaya zaidi. Katika hadithi nyingi mhusika hukata tu simu mara habari inapokwisha, kama katika filamu, ilhali kwetu mtu akikata hivyo mwenzake atampigia tena kuuliza amemkosea nini. Schegloff na mwenzake Harvey Sacks waliandika mwaka 1973 kwamba maongezi hayaishi yenyewe. Ni lazima wazungumzaji wakubaliane kuyamaliza, na kila upande hupewa nafasi ya mwisho ya kutaja jambo lililobaki. Chombo chetu cha kupatana hivyo ni “haya.” “Haya” ya kwanza huuliza kama tumemaliza, ya pili hukubali, na baina yake pana mlango ulio wazi:

“Haya basi.”
“Haya. Na mtoto?”
“Hajambo. Haya.”
“Nisalimie huko.”
“Zimefika. Haya… Hamisi.”
“Naam.”
“Ile hati ya shamba, uliiweka wapi?”

Aliyepiga simu hii alipiga kwa ajili ya hati. Salamu na mtoto vilikuwa njia ya kufika. Watu wengi wenye jambo gumu la kuomba hulisema baada ya “haya” ya tatu, na mwandishi anayeiweka haja mwanzoni mwa simu huikosa hofu yote iliyoichelewesha. Fedha nazo huharakisha au huchelewesha. Mhusika ambaye salio linakaribia kukatika hana nafasi ya “haya” tatu, na anayepiga kwa deni la Okoa Jahazi, yaani salio la kukopa, atasema haja yake wakati mwingine asiye na shida hiyo angalikuwa bado anauliza hali. Na simu isiyopokelewa nayo ni maongezi. Sauti ile ya kike inayosema mteja hapatikani kwa sasa imekuwa maarufu kiasi kwamba watu wetu husema “simu yake ni mteja,” na mhusika anayelisema hilo mara tatu katika siku moja amesimulia mambo mengi kuhusu ndoa yake.

Upande mmoja au pande mbili

Mwandishi ana njia tatu za kuiweka simu kwenye ukurasa: kutoa pande zote mbili, kutoa upande mmoja tu, au kuieleza kwa usemi wa taarifa. Pande mbili zifae pale ambapo nguvu iko katika mapambano ya maneno. Usemi wa taarifa ufae pale ambapo simu inaleta habari tu. Upande mmoja ndio mgumu, na ndio unaolipa, lakini wengi huuharibu kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni mzungumzaji kurudia kila anachoambiwa: “Unasema Salim amepata ajali? Yuko hospitali? Amevunjika mguu?” Hakuna mtu anayezungumza hivyo, isipokuwa mwenye shida ya masikio. Namna ya pili ni nukta tatu zinazomwagwa kila baada ya neno mpaka ukurasa unafanana na mchele uliomwagika. Mfano wangu wa boti pale mwanzoni ulizitumia, na ungesomeka vizuri zaidi pengo likijazwa na kitu kinachoonekana: “Lini?” Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena. “Subhanallah. Na mama anajua?” Sasa msomaji ameona muda ukipita, na mkono uliokuwa ukitafuta kazi ya kufanya.

Kuhusu vitenzi vya kusema, sina mengi. “Alisema” halionekani na msomaji, nalo ni jambo jema. “Alifoka,” “alinguruma,” “alitamka kwa ghadhabu” huonekana mno, na mara nyingi hufunika maneno ambayo yangetosha. “Alidakia” ninalipenda, kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo alama za mtajo haziwezi kulionyesha, yaani kwamba mwenzake alikuwa hajamaliza.

Ujumbe wa sauti, uliokuja katika WhatsApp mwaka 2013, umeleta aina ya maongezi ambayo waandishi wetu bado hawajaitumia vya kutosha. Wengi huuandika kama simu, nao si simu. Mtu hakatizwi, haulizwi “wanisikia,” na hana haja ya kuombana ruhusa ya kumaliza, kwa hivyo hurudia ule mpango wa barua za wazee wetu zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu: salamu ndefu kwanza, kisha “ama baada ya salamu,” kisha haja, kisha salamu kwa kila mtu kwa jina lake. Shangazi anayetuma ujumbe wa dakika nne kutoka Faza anaandika barua kwa mdomo. Mwandishi ampe nafasi hiyo yote, bila kumkata, na aweke upande wa pili kijana anayesikiliza nusu ya kwanza leo na nusu ya pili keshokutwa, baada ya jambo lenyewe kushapita.

Nimebakisha hali moja ambayo huchanganya yote yaliyotangulia, nayo ni simu iliyowekwa spika. Nyumbani hufanywa kila siku ili wote wasikie, na anayepiga mara nyingi haambiwi. Kwa mwandishi hapo pana watu watatu: mmoja anayesema bila kujua anasikika na nani, mmoja anayejua na hawezi kusema, na mmoja anayesikia asichokusudiwa. Kijana aliyeko Doha anampigia dada yake Langoni siku chache kabla ya Idi:

“Mwambie bibi sitakuja. Mwambie nimekosa ruhusa.”
“Umekosa ruhusa?”
“La. Pesa ya tiketi nimempa fundi wa boriti, dari ile ingewaangukia masika haya. Lakini wewe sema ruhusa.”
Zuhura aliitazama simu juu ya mkeka, akamtazama bibi.
“Haloo? Zuhura, uko?”
“Tuko, mume wangu,” alisema bibi. “Fundi alikuja jana. Boriti nzuri alizoleta.”

Kijana aliuliza “uko” akitarajia mtu mmoja, akajibiwa “tuko.” Bibi hakutaja uongo wala tiketi. Alitaja boriti, akamwita mjukuu kwa jina la utani kama siku zote, na kwa silabi moja ya wingi akamjulisha kwamba alikuwapo tangu mwanzo.